Nozeli za petroli katika gari la zamani: namna ya kuzipima kabla ya kuzibadilisha

Mwenye gari la zamani mjini Kampala anaijua vyema hukumu hii. Gari likiwa limesimama na injini ikinguruma, bodi zima linatetemeka. Petroli inakwisha upesi kuliko ilivyozoeleka. Na fundi, baada ya kuinama chini ya boneti kwa dakika chache, anatamka kwamba nozeli zimekufa na hazina budi kununuliwa nyingine nne. Hukumu hiyo yaweza kuwa ya kweli. Hata hivyo, ikitolewa pasi na kipimo ni kisio tu, na anayelipia kisio ni mwenye gari.

Katika Kamwokya, mtaa wenye watu wengi ulio kati ya vilima vya Kololo na Mulago, kando ya Barabara ya Kira, gari la zamani si pambo. Ndilo linalobeba abiria wa kukodi, ndizi za sokoni, mgonjwa wa usiku na watoto wa shule. Likilala gerejini siku tatu, riziki ya nyumba nzima hulala nalo. Kwa sababu hiyo, makala haya yanaeleza nozeli ni kitu gani, huharibika vipi, hupimwa kwa mpangilio upi, na ni wakati gani kuibadilisha kunakuwa jambo la lazima.

Tunatumia neno nozeli kwa kuwa ndilo linalosikika zaidi gerejini. Wengine husema injekta. Maana ni moja.

Nozeli hufanya kazi gani?

Injini ya petroli inahitaji hewa na mafuta kwa uwiano maalumu: takriban kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ya petroli. Zamani kazi ya kuchanganya viwili hivyo ilifanywa na kabureta. Mwaka 1967 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilitoa mfumo wa kunyunyiza petroli unaoongozwa kwa umeme, ukafungwa katika magari ya Volkswagen, na katika miaka iliyofuata watengenezaji wengine wakaifuata njia hiyo. Magari mengi yaliyotumika yanayoletwa Uganda kutoka Japani ni ya mfumo huo. Mfano unaojulikana ni Toyota Corolla ya toleo la AE100, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1991, ambayo Waganda wameipa jina la Kikumi kutokana na ile namba 100.

Nozeli ni valvu ndogo ya umeme. Ndani yake mna koili ya waya, springi na sindano iliyoziba tundu jembamba mno. Kompyuta ya gari inaporuhusu umeme kupita, koili huwa sumaku, huivuta sindano, na petroli iliyo chini ya shinikizo hutoka kama ukungu. Injini ikinguruma polepole, tundu hilo hufunguka kwa muda wa sehemu mbili au tatu tu za sekunde iliyogawanywa mara elfu moja, kisha hujifunga. Jambo hilo hurudiwa mara nyingi kila sekunde, mwaka baada ya mwaka. Basi si ajabu kwamba uchafu kidogo unatosha kuharibu mpangilio wote.

Inafaa kukumbuka kwamba nozeli haijiamulii kiasi cha petroli. Hupokea amri kutoka kwenye kompyuta, nayo kompyuta hutegemea habari za vihisi vya hewa, joto na moshi. Amri ikiwa mbovu, nozeli nzima hufanya kosa kwa utiifu. Hiki ndicho chanzo cha hukumu nyingi zisizo za haki.

Kwa nini huharibika?

Sababu ya kwanza ni umri. Sheria ya Uganda ya usalama barabarani, kama ilivyorekebishwa mwaka 2018, imepiga marufuku kuingiza nchini gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi tangu lilipotengenezwa. Lakini sheria hiyo inahusu magari yanayoingia. Yaliyokwisha kuingia yanaendelea kuzeeka barabarani. Kadiri miaka inavyopita, mipira ya kuzuia kuvuja hukauka na kupasuka, springi hulegea, na koili hukatika ndani.

Sababu ya pili ni masalio ya petroli yenyewe. Injini inapozimwa ikiwa moto, tone linalobaki kwenye ncha ya nozeli hukauka na kuacha utando kama gundi. Gari la mjini, linalowashwa na kuzimwa mara nyingi kwa safari fupi na kukwama kwenye foleni, hupata adha hii kuliko gari la safari ndefu.

Sababu ya tatu ni mafuta yaliyochakachuliwa. Mtu anayechanganya mafuta ya taa na petroli hupata faida, ilhali mwenye gari hupata injini inayogonga na utando mweusi ndani yake. Wizara ya Nishati ya Uganda na Shirika la Viwango la nchi hiyo, UNBS, huendesha mpango wa kuyatia mafuta alama maalumu ya kikemikali na kuyakagua vituoni, ili yaliyochanganywa yatambulike. Dereva naye anaweza kufanya uchunguzi mdogo: adondoshe tone la petroli kwenye karatasi nyeupe safi, mbali na moto, alisubiri likauke. Petroli safi huruka yote bila kuacha doa la kudumu. Doa la mafuta likibaki, pana sababu ya kushuku. Uchunguzi huu ni wa kudokeza tu, hauwezi kuwa ushahidi.

Sababu ya nne ni maji na kutu kutoka kwenye tenki, hasa kwa gari ambalo tenki lake huwa karibu tupu siku zote. Chujio lisipobadilishwa kwa wakati, taka hizo husafiri hadi kwenye vichujio vidogo vilivyo ndani ya kila nozeli.

Dalili, na maradhi yanayofanana nazo

Nozeli iliyoziba huinyima silinda yake chakula. Injini hutetemeka, hukosa nguvu mlimani, na husita dereva anapokanyaga mafuta. Nozeli inayovuja hufanya kinyume chake: moshi huwa mweusi, harufu ya petroli hujaa, gari huwaka kwa shida likiwa moto, na petroli isiyoungua huteremka kwenye ukuta wa silinda na kuchanganyika na oili. Ukichomoa kijiti cha kupimia oili na kukuta kinanuka petroli, usiendelee kuliendesha gari hilo mpaka lichunguzwe, kwa kuwa oili iliyozimuliwa haiwezi kuzilinda beringi za injini.

Hata hivyo, dalili hizo hizo huletwa na vitu vingine vingi: plagi zilizochakaa, waya wa plagi unaovujisha umeme, distribyuta yenye unyevu, chujio la hewa lililojaa vumbi, mpira wa hewa uliopasuka, pampu dhaifu ya petroli, kihisi cha moshi kilichokufa, au valvu iliyoungua. Vingi kati ya hivyo ni rahisi kuliko nozeli nne. Fundi mwenye hekima huanza na hivyo.

Tahadhari kabla ya kugusa chochote

Petroli ndani ya bomba la kugawia iko chini ya shinikizo hata baada ya injini kuzimwa. Anayelifungua bomba hilo ghafla hurushiwa petroli usoni, na tone moja likiangukia bomba la moshi lililo moto laweza kuwaka. Gereji nyingi za mjini ziko wazi kando ya njia, jirani na jiko la mkaa la mama ntilie au mashine ya kuchomelea vyuma. Kwa hiyo mambo haya hayana mjadala.

Injini ipoe kwanza. Shinikizo lipunguzwe kwa kuchomoa fyuzi au rilei ya pampu na kuiacha injini ijizime yenyewe. Kisha waya hasi wa betri uondolewe. Pasiwe na sigara, moto wala cheche karibu. Kizima moto cha unga kiwekwe mkononi, si dukani. Maji hayafai kuzima moto wa petroli, kwani petroli huelea juu ya maji na kuusambaza moto. Macho yakingwe kwa miwani, na kazi ifanyike penye hewa ya kutosha.

Vipimo kwa mpangilio

Mpangilio ufuatao unaanza na vipimo visivyo na gharama na kuishia na vile vinavyohitaji mashine. Katika kila hatua, jibu linaweza kuonyesha kwamba nozeli hazina hatia. Hapo kazi ya kuzitafutia kosa hukoma.

Hatua ya kwanza ni kuiuliza kompyuta. Magari mengi yaliyotengenezwa baada ya katikati ya miaka ya 1990 yana soketi ya kusomewa kwa mashine. Toyota za kabla ya hapo zina kisanduku kidogo chini ya boneti chenye matundu yaliyoandikwa herufi. Fundi huunganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, huzungusha ufunguo bila kuwasha injini, kisha huhesabu mimweko ya taa ya injini kwenye dashibodi. Taa ikimweka kwa mwendo mmoja usiobadilika, hakuna kosa lililohifadhiwa. Katika nyingi ya Toyota hizo, namba 21 humaanisha kihisi cha moshi, 25 mchanganyiko wenye hewa nyingi kupita kiasi, na 26 mchanganyiko wenye petroli nyingi kupita kiasi. Namba haisemi ni spea ipi inunuliwe. Huonyesha tu upande wa kuanzia uchunguzi.

Hatua ya pili ni kusikiliza. Injini ikinguruma, fundi huweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya mwili wa nozeli na mpini wake sikioni, akiepuka feni na mikanda inayozunguka. Nozeli hai hutoa mlio wa tik-tik ulio sawa. Nozeli moja ikiwa kimya huku nyingine zikilia, ama haipati umeme, ama sindano yake imekwama. Mlio peke yake hauthibitishi kwamba petroli inatoka kama ipasavyo. Unathibitisha tu kwamba sindano inacheza.

Hatua ya tatu ni kuzinyamazisha moja baada ya nyingine. Soketi ya umeme ya nozeli ya kwanza huchomolewa wakati injini inanguruma. Silinda ikiwa inafanya kazi, mzunguko wa injini hushuka papo hapo. Soketi hurudishwa, kisha zamu ya pili, ya tatu na ya nne. Silinda ambayo kuchomolewa kwake hakubadilishi chochote ndiyo iliyolala. Ni afadhali kuchomoa soketi ya nozeli kuliko waya wa plagi, kwa sababu njia hii haimpigi fundi umeme wala haipeleki petroli mbichi kwenye kisafisha moshi.

Silinda iliyolala ikishajulikana, fundi asikimbilie nozeli. Abadilishane kwanza plagi ya silinda hiyo na ya jirani. Ugonjwa ukihama pamoja na plagi, tatizo ni plagi. Usipohama, apime mgandamizo wa silinda. Valvu iliyoungua haiponywi na nozeli mpya hata ingekuwa ya dhahabu.

Hatua ya nne ni kupima ukinzani wa koili kwa mita ya umeme, soketi ikiwa imechomolewa. Kipimo hiki huhesabiwa kwa omu. Katika Toyota nyingi za petroli za miaka ya 1990 zenye injini ndogo, kiwango cha kiwandani ni omu 13.4 hadi 14.2 injini ikiwa baridi. Magari mengine huwa na nozeli za ukinzani mdogo, omu mbili au tatu tu. Kwa hiyo kilicho muhimu ni kitabu cha gari husika na ulinganifu wa nozeli zote nne. Mita ikionyesha kwamba njia imekatika kabisa, koili imekufa na nozeli hiyo haisafishiki. Huu ni mmoja kati ya uchunguzi michache ambayo pekee inatosha kumhukumu mshtakiwa.

Hatua ya tano ni kuhakikisha kwamba amri ya kompyuta inafika. Taa ndogo ya majaribio huchomekwa kwenye soketi badala ya nozeli, kisha injini huzungushwa. Taa ikimeta, waya ni mzima. Isipometa, tatizo liko kwenye waya, fyuzi au kompyuta, na nozeli mpya itakaa hapo ikiwa maiti kama ile ya zamani.

Hatua ya sita ni shinikizo la petroli, au presha kama wasemavyo wengi. Katika Toyota za kundi tulilolitaja, mpira mwembamba wa kidhibiti ukiwa umechomolewa, saa ya kupimia inapaswa kusoma takriban kilopaskali 265 hadi 304, sawa na paundi 38 hadi 44 kwa inchi ya mraba. Mpira ukirudishwa injini ikinguruma polepole, kipimo hushuka. Injini ikizimwa, shinikizo linapaswa kubaki walau kilopaskali 147, yaani paundi 21, kwa muda wa dakika tano. Likiwa dogo tangu mwanzo, pampu au chujio vichunguzwe. Likianguka haraka baada ya kuzima, huenda nozeli inavuja, lakini pia huenda valvu ya pampu au kidhibiti chenyewe ndicho kinachopitisha.

Hapa panahitajika tahadhari inayohusu Kampala yenyewe. Jiji hili liko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ina shinikizo dogo kwa takriban asilimia 13 kuliko ya Mombasa au Dar es Salaam. Vipimo vya ombwe na vya mgandamizo vilivyochapishwa kwenye vitabu kwa kawaida huchukulia hali ya pwani. Injini nzima ikipimwa Kamwokya huonyesha namba za chini kidogo, na fundi asiyelijua hilo anaweza kuilaumu bure. Kinachostahili kutazamwa zaidi ni tofauti kati ya silinda na silinda.

Hatua ya saba, iliyo kamili kuliko zote, ni mezani. Nozeli hutolewa na kufungwa kwenye mashine yenye vikombe vya kioo, hufunguliwa kwa muda ulio sawa, na kiasi kilichotoka katika kila kikombe hulinganishwa. Tofauti kati ya inayotoa nyingi na inayotoa kidogo haipaswi kuzidi asilimia chache. Ikikaribia asilimia 10, injini huanza kuihisi. Umbo la ukungu pia hutazamwa: nzuri hutoa koni laini, mbaya hutoa mkondo kama wa bomba la maji. Mwisho, shinikizo huachwa bila umeme. Nozeli inayodondosha zaidi ya tone moja katika dakika nzima haifai.

Kuzipima nozeli kwa kuziunganisha moja kwa moja na betri huku petroli ikirukia chupa ya wazi ni hatari mara mbili. Cheche ya waya yaweza kuwasha moto, na nozeli ya ukinzani mdogo huungua kwa umeme kamili wa betri.

Kusafisha au kubadilisha?

Nozeli iliyoziba lakini yenye koili nzima hustahili kusafishwa kwanza. Dawa ya kumimina kwenye tenki husaidia utando mwepesi. Haiwezi kuondoa uchafu wa miaka mingi. Njia iliyo bora ni kuzamisha nozeli kwenye chombo cha dawa kinachotikiswa kwa mawimbi ya sauti yasiyosikika na sikio la binadamu, kisha kubadilisha kichujio chake kidogo na mipira yake.

Mteja ana haki ya kudai jambo moja lililo rahisi: aandikiwe kiasi kilichotoka katika kila nozeli kabla ya kusafishwa na baada ya kusafishwa. Namba nne za kabla na namba nne za baada, zilizoandikwa kwenye risiti, ni ushahidi unaoshinda maneno mengi. Mahali pasipoweza kutoa namba hizo, kilichofanyika ni kuosha tu.

Kubadilisha ni lazima pale koili ilipokatika au kuungana ndani, mwili ulipopasuka, nozeli ilipoendelea kuvuja baada ya kusafishwa, au ulinganifu ulipokataa kurudi. Ikiwa moja tu ndiyo mbovu na nyingine tatu zimepimwa na kuonekana sawa, hakuna ulazima wa kununua nne, mradi iliyonunuliwa iwe na namba ileile na ipimwe pamoja na wenzake.

Sokoni

Kituo kikuu cha spea jijini ni Soko la Kisekka, na kuna maduka madogo mitaani pia. Mnunuzi hukutana na aina tatu: mpya halisi, ya mtumba iliyotolewa kwenye injini kutoka Japani, na ya kuiga.

Nozeli nyingi za Toyota hutengenezwa na kampuni ya Denso, na namba za spea hiyo katika orodha ya Toyota kwa kawaida huanza na 23250 au 23209. Nenda dukani na nozeli yako ya zamani, ulinganishe namba iliyochapwa, rangi ya plastiki, umbo la soketi, urefu na idadi ya matundu kwenye ncha. Nozeli inayoingia mahali pake si lazima iwe inayofaa: ikiwa hutoa petroli nyingi kuliko iliyokusudiwa, injini itakula mafuta na kutoa moshi hata kama kila kitu kimekaa sawasawa.

Ya mtumba halisi mara nyingi ni bora kuliko mpya ya kuiga, lakini nayo imezeeka. Inunue kwa makubaliano kwamba itapimwa kwanza mezani, na kwamba isipofaulu itarudishwa. Makubaliano hayo yaandikwe.

Kuifunga

Kabla ya kulifungua bomba la kugawia, eneo lote lipulizwe hewa na kupanguswa. Mchanga ukianguka kwenye tundu la nozeli huingia moja kwa moja kwenye silinda. Kila nozeli iwekewe alama ya silinda yake.

Oringi na mipira ya chini isitumiwe mara ya pili, hata kama inaonekana mizima. Ndivyo vitu vya bei ndogo kuliko vyote katika kazi hii, navyo ndivyo vinavyozuia moto. Oringi mpya ipakwe petroli au oili nyepesi kidogo kabla ya kuingizwa, na nozeli isukumwe huku ikizungushwa taratibu. Ikishakaa, inapaswa kuzunguka kwa vidole bila kukwama. Ikikataa, oringi imejikunja au kukatika, na lazima itolewe na kubadilishwa.

Boliti zikishakazwa sawa na betri kurudishwa, injini isiwashwe mara moja. Kwanza pampu iendeshwe ili petroli ijae bombani, na fundi akague kila kiungo kwa macho na kwa karatasi kavu. Ikiwa pakavu, injini iwashwe na ukaguzi urudiwe ikiwa imepata moto. Gari lisitoke gerejini likiwa na harufu ya petroli kwa ahadi kwamba itaisha yenyewe.

Magari yasiyohusika na maelezo haya

Maelezo haya yanahusu petroli inayonyunyizwa kwenye njia ya hewa. Baadhi ya Toyota za miaka ya 2000 zinazoonekana sana Kampala, zikiwemo aina fulani za Premio na Noah zenye maandishi D-4, hunyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa shinikizo kubwa mara nyingi zaidi. Injini za dizeli nazo ni hivyo hivyo. Shinikizo la namna hiyo laweza kutoboa ngozi na kupenyeza mafuta mwilini. Kidonda huonekana kidogo kama cha sindano, lakini ni dharura ya hospitali siku hiyo hiyo. Kazi hiyo iachiwe karakana yenye vifaa vyake.

Moshi wa mtaa mzima

Nozeli mbovu si hasara ya mwenye gari peke yake. Petroli isiyoungua vizuri hutoka kama moshi wenye sumu, na katika mtaa ulio bondeni, wenye nyumba zilizobanana na barabara yenye foleni, moshi huo huvutwa na wauza matunda, waendesha bodaboda na watoto. Mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere, ulioanza mwaka 2015, umetega vipimo vya hewa sehemu nyingi za Kampala, na vimeonyesha kiasi cha vumbi laini kilichozidi mara kadhaa kikomo cha mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa mwaka, kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021. Magari si chanzo pekee. Kuna jiko la mkaa, takataka zinazochomwa na vumbi la barabara. Lakini gari ni chanzo kinachoweza kurekebishwa kwa spana, siku moja, na mtu mmoja.

Maswali matano ya kumwuliza fundi

Mwenye gari si lazima ajue kazi ya ufundi. Inatosha aulize, kwa heshima na bila kuona haya, kabla ya kutoa fedha: Ni silinda ipi iliyolala, nawe umeijuaje? Plagi na mgandamizo wa silinda hiyo vimepimwa? Shinikizo la petroli lilisoma ngapi? Nozeli zilitoa kiasi gani kabla na baada ya kusafishwa? Na je, spea zangu za zamani nitarudishiwa?

Fundi aliyepima atajibu kwa namba, wala hataudhika. Fundi asiyepima atajibu kwa uzoefu wake wa miaka mingi. Uzoefu ni mali, lakini hauwezi kuona ndani ya tundu jembamba mno. Mita na saa ya shinikizo huweza. Nozeli ibadilishwe pale vipimo vilipoihukumu, si kabla.